Waliokuja Badala ya Jibu

Subira huvuta heri, husema watu. Subira ya Fuatino Solipo ilivuta maiti saba, na wa kwanza alifika Jumanne jioni, wakati wa sala, akiwa na tundu la risasi mgongoni na viatu vilivyombana.

Fuatino alikuwa amekwisha kufunika cherehani yake. Sare kumi na moja za shule zilikuwa zimekunjwa juu ya sanduku, na ya kumi na mbili ilikuwa imebaki kola. Baragumu la kombe lilikuwa limelia mara ya pili, na Shangazi Losivale alikuwa ameanza wimbo kwa sauti yake ile inayotangulia wengine kama mtu anayewahi foleni. Kijijini Satuilagi, magharibi ya kisiwa cha Savai'i huko Samoa, hakuna anayepita barabarani saa hiyo. Vijana wa kijiji husimama kando ya njia na fimbo zao, na hata gari la serikali huzima injini likasubiri.

Maiti alipita katikati ya barabara. Vijana walimwambia asimame, akasimama. Walimwuliza anakwenda wapi, akasema, "Nani hapo?" Wakamwuliza tena. Akasema, "Nani hapo?" Wakaona ni utovu wa adabu, wakaliandika kosa, kisha wakamwacha aendelee kwa sababu damu ilikuwa inadondokea yale mawe meupe ambayo kamati ya akina mama ilikuwa imeyapanga wiki hiyohiyo.

Alifika nyumbani kwa Fuatino, akasimama baina ya nguzo mbili hadi wimbo ulipokwisha. Nyumba haina kuta, kwa hiyo wote walimwona. Fuatino alimtambua mara moja. Alikuwa mlinzi wa getini, dakika ya kumi na nne.

"Mwambie aketi," alisema Shangazi Losivale, akifunga kitabu cha nyimbo. "Mtu hasimami mbele ya watu walioketi. Au huko alikokufa hawafundishwi?"

"Shangazi, huyu ni yule wa kwenye kanda."

"Nina macho. Sogeza mkeka. Na umvue hivyo viatu, vinamtesa."

Kwa miaka miwili na miezi minne Fuatino alikuwa akimwandikia barua Apelu Lauvao. Apelu alikuwa mtoto wa Satuilagi kwa upande wa mama. Aliondoka akiwa na miaka sita, akakulia Auckland, kisha akaenda Sydney kuwa mwigizaji. Huko kampuni ya picha iliyomwajiri ilimwandika Abe Lavo, kwa kuwa, walisema, jina lake lilikuwa na irabu nyingi mno.

Kanda zake zililetwa na jamaa waliorudi kwa Krismasi, zikaonyeshwa katika nyumba ya kamati ya akina mama. Watu walikuja na mikeka na mashelisheli ya kuchoma. Waliipenda kila picha hadi Apelu alipokufa, kisha wakazungumza mambo yao. Hakuwahi kuchelewa kufa. Alipigwa risasi ya mgongo katika dakika ya kumi na nne. Alianguka na daraja la kamba katika dakika ya tisa. Aliliwa na papa katika ya ishirini na mbili, na huo ndio uliokuwa mwaka wake mzuri. Mwishoni, majina yalipopanda kwenye kioo, lake lilikuwa chini kabisa, na mbele yake paliandikwa alikuwa nani: Mlinzi wa Pili. Mpagazi. Mwenyeji Mwenye Mwenge.

Fuatino alikuwa na miaka thelathini na minne na hakuwa mjinga. Hakumpenda Apelu kama mtu anavyompenda mume. Alipenda jinsi alivyogeuza shingo. Kabla ya ile risasi, Mlinzi wa Pili husikia kitu nyuma yake, akageuza shingo polepole, na katika kugeuka kule Fuatino aliona maisha mazima: mtu aliyekula asubuhi, mwenye mama, aliyechoka kusimama. Hakuna aliyekuwa amemwandikia Apelu ageuke vile. Aliiweka mwenyewe, kwa siri, kama fundi anayeweka mshono mzuri upande wa ndani ambao hakuna atakayeulipia.

Barua ya kwanza aliiandika kwa Kisamoa. Hakuona sababu ya kumwandikia mtoto wa Satuilagi kwa lugha ya watu waliokuwa wakimwua. Aliisifu ile shingo kwa kurasa mbili. Kisha akauliza swali moja: yule mlinzi aliitwa nani?

Aliyetaka kujua hasa ni Shangazi Losivale. Kila tarehe mbili ya Novemba padri husoma kanisani majina ya marehemu wa kijiji, na Shangazi alitaka mlinzi asomwe, kwa kuwa mtu mwenye sura ya ukoo hawezi kufa hivi hivi kama kuku. Padri hakukataa. Alisema tu kwamba anahitaji jina. Hawezi kumsomea Mungu cheo.

Baada ya miezi mitano ilikuja picha. Apelu alikuwa akitabasamu, na chini yake palikuwa na saini ya wino wa buluu. Fuatino alilowesha kidole akausugua wino. Haukufutika. Ulikuwa umepigwa chapa. Nyuma ya picha palikuwa na shukrani kwa Kiingereza, kwa shabiki yeyote yule. Akaandika barua ya pili. Ikaja picha ileile. Shangazi aliichukua hiyo ya pili, akaikunja mara nne na kuiweka chini ya mguu wa kabati uliokuwa mfupi.

Barua ya tatu Fuatino aliiandika kwa heshima zote, kama inavyoandikwa barua ya kumwomba chifu. Na kwa desturi ya Satuilagi, barua ya namna hiyo haifungwi bila mwaliko. "Nyumba yetu haina kuta," aliandika. "Njoo, wewe na watu wako wote, siku yoyote, saa yoyote." Ni maneno ya adabu tu. Kila mtu huyaandika, na anayeandikiwa hujua kwamba hatakiwi kuja. Fuatino alikosea jambo moja: hakujiuliza watu wa Apelu Lauvao ni akina nani.

Walikuja mmoja kila wiki, wote saa ya sala, kwa kuwa ndiyo saa ambayo barabara iko tupu. Baada ya Mlinzi wa Pili alikuja Mpagazi, nywele zimejaa majani ya bondeni, na mzigo wa masufuria mgongoni ambao hakukubali kuutua. Akaja mvuvi aliyeliwa na papa, akirukaruka kwa mguu mmoja. Akaja Mwenyeji Mwenye Mwenge, na mwenge wake ukiwaka. Wengine watatu walikuwa wamekufa kwa mambo ya kawaida zaidi: kisu, moto, na gari lililorudi nyuma. Wote saba walikuwa na sura moja, wa kwanza akiwa na miaka ishirini na mitatu, wa mwisho arobaini.

"Huyu wa getini ndiye mzuri," alisema Shangazi Losivale, akiwapitia kwa macho kama anayechagua mihogo. "Kufikia huyu wa mwenge, keshaanza kitambi."

"Shangazi, ni mtu mmoja."

"Basi amekufa huku anazeeka."

Kila mmoja aliweza kusema yale tu aliyoandikiwa. Mlinzi wa Pili alisema, "Nani hapo?" Mpagazi alisema, "Bwana, daraja hili si zima." Watano waliobaki hawakuwa wameandikiwa neno, wakakaa kimya. Akina mama wa kamati walipita makusudi kuwatazama.

"Fuatino, uliomba mmoja ukaletewa saba. Tugawie, mwenzetu."

"Chagueni. Ila msirudi kwangu kulalamika kwamba hasemi."

"Mume asiyesema nani alalamike? Nipe yule wa masufuria, kaja na vyombo vyake kabisa."

Mgeni siku mbili, na siku ya tatu Shangazi aliwapa majembe. Walipalilia magimbi vizuri. Mwenye Mwenge aliwekwa jikoni, wakaacha kununua mafuta ya taa. Baraza la kijiji lilitoza faini ya katoni moja ya samaki wa kopo kwa kila maiti aliyepita wakati wa sala, na Fuatino akalipa kwa kushona. Hakuna aliyesema waondoke. Walikuwa wamealikwa kwa maandishi.

Tatizo lilikuwa Ijumaa.

Kila Ijumaa, jua likianza kuelekea magharibi, Mlinzi wa Pili alikuwa ameketi na kifuu cha kuparia magimbi, mara akageuza shingo polepole, kisha akaanguka kifudifudi. Damu ilitoka palepale ilipotoka kwanza. Baada ya muda aliinuka, akaokota kifuu, akaendelea kupara. Kisha akageuza shingo tena. Mpagazi naye alikuwa akianguka kutoka mahali palipokuwa tambarare. Mwanzoni Fuatino alidhani ni ugonjwa wa maiti. Alishona tundu la shati kila Jumamosi, na kila Ijumaa likafunguka. Ndipo akakumbuka alivyosimuliwa na jamaa wa Auckland, kwamba huko Ijumaa ndiyo siku ambayo watu hupita madukani kuazima kanda za kutazama mwisho wa wiki.

Ijumaa moja aliweka sindano chini akahesabu. Mlinzi wa Pili alikufa mara thelathini na moja kabla ya chakula.

"Hivi huyu atakufa hadi lini?" aliuliza Shangazi Losivale, sahani yake haijaguswa.

"Hadi kanda ichakae."

"Na inachukua muda gani kuchakaa?"

"Wanatoa nakala, Shangazi."

Shangazi alimtazama Mlinzi wa Pili akijifuta damu na kuokota kifuu chake. "Mpe jina," alisema. "Umemwuliza mwenye sura mara tatu, hasemi. Majina tunayo sisi."

Majina yalikuwepo. Mwaka 1918 meli ilileta mafua, na mtu mmoja katika kila watano akafa visiwani, wengine nyumba nzima, wakazikwa kwa pamoja bila wimbo. Majina yao hakuna aliyeyavaa tena. Yalikuwa yamekaa tu katika kichwa cha Shangazi Losivale, kama nguo za sherehe sandukuni. Aliyatoa moja moja, akayapima kwa maiti mmoja mmoja, na jingine alilirudisha akasema halimkai. Mlinzi wa Pili akawa Sauni. Mpagazi akawa Tafito. Wa papa akawa Lokeni, na wa mwenge Moelagi. Wale watatu wakawa Vaelua, Petaia na Sinapati. Tarehe mbili ya Novemba padri aliyasoma yote saba pamoja na ya marehemu wengine, na wenye majina walikuwa wameketi safu ya tatu, wamevaa mashati meupe aliyoyashona Fuatino.

Walipotoka kanisani, yule wa kwanza alisimama kwenye ngazi.

"Mimi ni Sauni," alisema. "Pale getini nilikuwa na kiu muda wote."

Fuatino alimpa maji. Akanywa makopo mawili.

Tafito alitua masufuria yake chini kwa mara ya kwanza. "Nilimwambia daraja si zima," alisema. "Alinisikia."

Ijumaa iliyofuata Sauni alipara magimbi hadi yakaisha. Tundu la mgongoni lilikuwa limefunga, likaacha kovu dogo kama la ndui.

Krismasi jamaa walikuja na kanda zilezile. Katika nyumba ya kamati watu walitazama geti ambalo halikuwa na mtu. Shujaa wa picha alijikunyata kichakani, akalenga kwa makini, akapiga risasi hewani, kisha akapita. Katika ile ya pili daraja lilikatika, zikaanguka kamba na mbao, na shujaa akazililia kwa dakika nzima. Katika ya tatu papa alizunguka, akaondoka. Watu wa Satuilagi walizitazama hadi mwisho, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Barua mbili zilikuja Januari, siku moja.

Ya kwanza iliandikwa kwa baraza la kijiji na kampuni ya picha ya Sydney. Ilisema kwamba wahusika saba, mali ya kampuni, wameondoka bila ruhusa na wanahifadhiwa na mshona nguo. Ilisema wamepewa majina yasiyoidhinishwa na wamesikika wakitamka maneno yasiyoidhinishwa. Kampuni ilikuwa imekwisha kukubaliana na baraza kwamba picha yake mpya itapigwa katika ufuo wa Satuilagi, wanaume arobaini waajiriwe, na kijiji kijengewe tangi la maji badala ya lile lililochukuliwa na tufani. Yote hayo, ilisema barua, bado yanawezekana. Wahusika warudishwe, na mshona nguo aombe radhi kwa desturi za kwao, mbele ya mjumbe wa kampuni.

Ya pili ilikuwa ya Fuatino. Anwani iliandikwa kwa mkono, herufi zimelalia kushoto. Alilowesha kidole, akagusa wino, nao ukatia doa. Akaenda kuketi nyuma ya nyumba, karibu na nguruwe, akaifungua.

"Dada Fuatino," aliandika Apelu Lauvao. "Nimesoma barua zako zote. Ya kwanza ilinichukua siku mbili, maana Kisamoa changu ni cha mtoto wa miaka sita. Hakuna mwingine aliyewahi kuiona ile shingo. Nilitaka kukujibu siku ileile, lakini uliniuliza jina, nami sikuwa nalo. Sikuwahi kumwuliza mtu. Niliona haya. Sasa nikiwasha kanda kumwonyesha binti yangu, simo. Miaka kumi na saba, na simo popote. Wameniambia sitapata kazi nyingine hadi wale warudi. Tafadhali warudishe. Waombe hawa watu radhi. Na ukiweza, niombe radhi na mimi."

Fuatino aliisoma hadi nguruwe wakachoka kumtazama. Miaka mitatu kasoro alikuwa ameingoja, na ilikuwa nzuri kuliko alivyowahi kuiwaza, na ilimtaka afanye jambo lilelile lililotakwa na kampuni. Siku hiyo alishona kola tatu kinyume, akazifumua zote.

Jioni alimwita Sauni. "Unataka kurudi?"

Sauni alifikiri. Alikuwa bado mgeni wa kufikiri, akawa anaifanya kazi hiyo kwa uangalifu. "Kule nikigeuza shingo, nakufa," alisema. "Huku nikigeuza shingo, namwona Shangazi."

"Basi usinigeuzie ovyo," alisema Shangazi Losivale. "Magimbi yako mbele."

Fuatino alimjibu Apelu kwa karatasi moja. "Kaka, nilikuuliza jina kwa sababu nilikupenda, na bado. Wako wazima. Wanakula. Hapa kila mtu anakuona, wewe mara saba, kila siku, bila kuwasha kitu. Mlete binti yako. Siwarudishi." Akalamba stempu, akaibandika.

Mzee Taliaoa, msemaji wa baraza, alikuja kuzungumza naye. Hakuwa mtu mbaya. Aliketi akaegemea nguzo, akaning'iniza usinga wake begani, akanywa kakao aliyopewa, akauliza hali ya cherehani.

"Mwanangu, mimi sikulaumu," alisema. "Lakini nina miaka sabini na moja, na nimechoka kuota ndoo."

"Hata mimi nachota, mzee."

"Najua. Nakuona. Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii Shangazi yako, yule atanirushia kitu."

"Nitakurushia," alisema Shangazi Losivale kutoka upande wa pili wa nyumba.

"Ni kuinama tu, Fuatino. Unafunikwa mkeka, unafunuliwa, watu wanakunywa chai. Moyoni ubaki na lako."

"Na hawa saba?"

Mzee Taliaoa aliwatazama. Tafito alikuwa akisugua masufuria kwa mchanga. Lokeni alikuwa ameketi na akina mama wa kamati, akiwasimulia papa alivyokuwa na harufu, nao wakimwambia anadanganya. Mzee alimaliza kakao yake.

Jumatano, wakati wa sala, alikuja wa nane. Sura yake haikudaiwa na ukoo wowote wa Satuilagi. Wengine walisema ni ya Tonga, wengine Niue. Alikuwa na tundu la risasi mgongoni na viatu vilevile. Vijana walimwuliza anakwenda wapi. "Nani hapo?" alisema. Kampuni ilikuwa imeipiga upya picha ya lile geti na mtu mwingine. Sauni ndiye aliyempokea. Alimketisha, akapiga magoti akamvua viatu, akamletea maji. Shangazi Losivale alitandika mkeka mwingine, akaanza kupitia majina yaliyobaki.

Mjumbe wa kampuni, Bwana Pritchard, alishuka kwenye feri siku iliyofuata akiwa na kofia ya nyasi na mkoba. Alilala nyumbani kwa mwalimu wa shule, ambaye ndiye angemtafsiria. Ijumaa alfajiri waliketi naye kwenye nyumba ya baraza, machifu kila mmoja penye nguzo yake, na watu wa kijiji wakasimama mbali.

Kuomba radhi kwa Wasamoa si maneno. Mkosaji huja kabla jua halijachomoza, akaketi chini mbele ya nyumba ya aliyekosewa, akafunikwa mkeka mwembamba kuanzia kichwani, kama kitu kilicho tayari kuwekwa tanurini. Hukaa hapo hadi aliyekosewa atoke amfunue. Anaweza kufunuliwa mapema, anaweza kukaa mchana kutwa, na zamani aliweza kuuawa. Mzee Taliaoa alikuwa ameleta mkeka wa ukoo wake mwenyewe, laini kama hariri, uliofumwa na mama yake kwa miaka mitatu. Alikuwa ameutandaza juu ya nyasi.

Fuatino alikuja akiwa amevaa nguo yake ya kanisani. Nyuma yake walikuja wanane, wakaketi kwenye nyasi. Yeye aliketi kando ya mkeka, si chini yake.

"Mwanangu, jua linapanda," alisema Mzee Taliaoa kwa sauti ya chini. "Ingia."

"Kwa kosa gani, mzee?"

"Umelisikia."

"Nimelisikia likisomwa. Nataka nilisikie likisemwa."

Mwalimu alimtafsiria Bwana Pritchard, naye akafungua mkoba. Alikuwa mtu mpole, na hakuinua sauti hata mara moja. Alisema kampuni haina ubaya na mtu. Inahitaji neno moja tu, kwa ajili ya kumbukumbu, na wahusika warudi mahali pao pa kazi.

"Mwulize," alisema Fuatino, "kama geti lina mtu mwingine tayari, huyu hapa, wanamtakia nini Sauni?"

Bwana Pritchard alimtazama yule wa nane, akaangalia karatasi zake. "Anasema huyo ni wa muda," alitafsiri mwalimu.

"Na hawa arobaini wa kijiji, kwenye picha mpya, wataitwa nani?"

Mjumbe alifunua ukurasa. "Anasema Wenyeji."

"Wote?"

"Mwenyeji wa Kwanza hadi wa Arobaini."

"Watafanya nini?"

"Watakimbia ufuoni na mienge."

"Halafu?"

Mwalimu hakulitafsiri hilo, lakini Bwana Pritchard alikuwa tayari ameufunua ukurasa wa pili, akaweka kidole. "Dakika ya kumi na tatu," alisema mwalimu. Ndugu zake wawili walikuwa wamejiandikisha kati ya wale arobaini.

Chifu mmoja alikohoa. Mzee Taliaoa alipitisha usinga begani upande wa kulia, kisha wa kushoto, kama anayefukuza nzi ambaye hakuwepo.

"Tangi, Fuatino," alisema mwishowe.

"Najua, mzee."

"Lita elfu ishirini."

"Najua. Na leo nitachota kama jana."

Aliinuka kwa magoti, akaukunja mkeka taratibu, pembe kwa pembe, kwa kuwa ulikuwa kazi ya mikono ya mama wa mtu, akamkabidhi Mzee Taliaoa kwa mikono miwili. Mzee aliupokea. Hakuwa na la kufanya na mkeka uliokunjwa ila kuuweka mapajani.

Bwana Pritchard alizungumza na mwalimu kwa muda, bila hasira, akifunga mkoba.

"Anasema usipoomba radhi watakwenda kisiwa kingine," alisema mwalimu. "Ufuo wameshaupata, na watu huko wapo. Picha itapigwa tu. Anasema huwezi kuzuia kitu."

"Watapiga," alisema Fuatino. "Nasi tutatandika mikeka."

"Sasa nimwambie nini? Anataka jibu la kuandika."

"Aandike nilivyosema. Niliwapa majina, wakanywa maji. Ningewapa tena."

"Fuatino, hilo si jibu la kuomba radhi."

"Si jibu la kuomba radhi, mwalimu. Siombi."